Pikapu ikigonga chini, usikimbilie difu

WAFANYABIASHARA wengi wenye pikapu huisikia dalili hii kwanza siku wanapoondoka na mzigo. Dereva anaachia klachi, gari linasogea, na chini ya bodi kunasikika kishindo kimoja kizito, "ko!" Baada ya wiki chache kishindo hicho husikika pia wakati wa kubadili gia, kisha hata gari linaposimama kwenye taa za barabarani. Kwa kuwa gari bado linakwenda na mzigo bado unafika sokoni, mwenye mali huahirisha matengenezo. Siku anapofika gereji, jibu la haraka analopewa mara nyingi ni moja tu: "Difu imekwisha, bosi."

Jibu hilo ni ghali. Difu ni moja ya spea za bei kubwa kuliko zote upande wa nyuma wa gari, na kuibadili kunalaza gari kwa siku kadhaa. Lakini kishindo cha namna hiyo kinaweza kutoka mahali zaidi ya saba, na sehemu kubwa ya mahali hapo hutengenezwa kwa gharama ndogo: grisi, krosi moja, raba moja, au nati zilizolegea. Mwenye gari anayejua wapi pa kuanzia kuangalia huokoa fedha. Asiyejua hununua difu, na mara nyingine hurudi barabarani na kishindo kile kile.

Maelezo yanayofuata yanahusu pikapu za aina iliyozoeleka katika biashara Afrika Mashariki, yaani zile ambazo injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na ekseli ya nyuma imekalia springi za majani. Toyota Hilux, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1968, ni mfano wake mkubwa. Isuzu, Nissan na Mitsubishi za kundi hilo zina mpangilio unaofanana.

KISHINDO KINATOKEA VIPI

Nguvu ya injini hupita kwenye klachi, ikaingia giaboksi, ikatoka kwa propela shafti, ikafika kwenye difu, na kutoka hapo ikagawanywa kwa ekseli mbili hadi kwenye magurudumu. Kila mahali vyuma viwili vinapokutana kuna ulegevu mdogo. Meno ya gia lazima yawe na nafasi kidogo baina yake, la sivyo yatabanana, yatapata moto na kuharibika.

Dereva anapokanyaga mafuta, injini inayasukuma magurudumu na nafasi zote hizo hufungwa upande mmoja. Anapoachia mafuta, magurudumu ndiyo yanayoivuta injini, na nafasi zile hufungwa upande wa pili. Kishindo ni sauti ya vyuma vinavyovuka nafasi hiyo na kugongana. Nafasi ikiwa ndogo, hakuna anayesikia. Ikiongezeka mahali pamoja tu, gari zima linagonga.

Kwa sababu hiyo, kusikia kwamba kishindo "kinatoka nyuma" hakutoshi. Propela shafti ni bomba refu lenye uwazi ndani, na sauti inayoanzia karibu na giaboksi inaweza kusikika kana kwamba imetoka kwenye difu. Sikio pekee likitumika, difu hulaumiwa bila kosa.

SIKILIZA KABLA YA KUFUNGUA

Kabla gari halijaingizwa gereji, mwenye mali anashauriwa kuliendesha mwenyewe, au akae pembeni ya dereva, na kuandika kishindo kinatokea wakati gani. Wakati wa kutokea kwake hueleza mengi kuliko ukubwa wa sauti.

Kikitokea pale tu gari linapoondoka, au linapotolewa gia ya kwanza kuingizwa ya nyuma, watuhumiwa ni krosi za propela shafti, raba zinazoshikilia injini na giaboksi, na difu yenyewe.

Kikitokea sekunde moja baada ya gari kusimama, au mara linapoanza tena kusogea, kichunguzwe kile kipande cha propela kinachoteleza kuingia na kutoka. Gari linapofunga breki, springi za majani hujipinda na ekseli hugeuka kidogo. Breki inapoachiwa, ekseli hurudi mahali pake, na propela hulazimika kuteleza. Kama meno ya kuteleza yamekauka, hushikamana kwanza, kisha huachia kwa ghafla. Hapo ndipo "ko!" inaposikika. Dalili hiyo hiyo huweza kuletwa na boliti za springi zilizolegea.

Ukisikika mlio mwembamba kama wa kifaranga cha kuku gari linapotembea polepole, na mlio huo ukienda kasi kadiri gari linavyoongeza mwendo, krosi moja imekauka. Huo ndio wakati wa bei nafuu wa kuitengeneza, maana kishindo bado hakijaanza.

Gari likitetemeka kwenye mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, itazamwe propela iliyopinda au kupoteza ulinganifu, au senta beringi. Kelele zikija wakati wa kukata kona tu, gia ndogo zilizo ndani ya difu zichunguzwe. Kwa gari la magurudumu manne yanayosukuma, viungo vya ekseli za mbele navyo viangaliwe. Mvumo mrefu unaobadilika mafuta yanapokanyagwa na kuachiwa ni dalili ya kweli ya beringi au meno ya difu.

Kishindo kinachotokea kwenye mashimo na matuta tu, bila kujali mafuta wala gia, kwa kawaida hakitokani na mfumo huu. Ni cha shokapu, bushi za springi au boliti za bodi.

Kipo kipimo kingine kisicho na gharama. Katika pikapu nyingi propela huzunguka karibu mara 4 kila gurudumu linapozunguka mara moja. Gari likienda kilomita 40 kwa saa, gurudumu la kawaida huzunguka karibu mara 5 kwa sekunde na propela karibu mara 20. Kwa hiyo mgongo unaohesabika kwa sikio katika mwendo mdogo huwa wa gurudumu, tairi au breki. Unaokimbia mno hata hauhesabiki huwa wa propela.

DAKIKA 20 CHINI YA GARI

Ukaguzi wa awali hauhitaji mashine. Gari liwekwe mahali tambarare, injini izimwe, ufunguo utiwe mfukoni. Magurudumu ya mbele yawekewe mawe au vipande vya mbao pande zote mbili, breki ya mkono ivutwe, gia iwekwe huru. Asiingie mtu chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Shika propela kwa mikono miwili na kuizungusha kidogo kulia na kushoto, huku ukiangalia kila kiungo kwa zamu. Krosi ni chuma chenye umbo la msalaba kinachounganisha uma mbili. Ncha zake nne zimo ndani ya vikombe vyenye beringi nyembamba kama sindano. Uma moja ikisogea kabla ya nyingine, hata kidogo, krosi imekwisha. Kiungo hicho hakiruhusiwi kucheza kabisa. Vumbi jekundu la kutu kuzunguka vikombe ni ushahidi kwamba grisi imeisha na vyuma vinasagana.

Baada ya hapo angalia bamba la chuma ambapo propela inafungwa na difu. Kwa kuwa breki ya mkono imeyashika magurudumu ya nyuma, bamba likizunguka kidogo na kugota, huo ndio ulegevu wa difu. Chora mstari wa chaki kwenye bamba na kwenye kasha la difu uone linasogea kiasi gani. Kusogea kwa milimita chache pembezoni mwa bamba si ugonjwa, kwa sababu ni jumla ya nafasi za gia zote za ndani. Lakini bamba likicheza juu na chini, au kuingia na kutoka, beringi za piniani zimekwisha, na hapo hapana budi difu ifunguliwe.

Pikapu ndefu nyingi zina propela ya vipande viwili, na katikati yake kuna senta beringi iliyoshikiliwa na raba. Sukuma propela kwenda juu karibu na beringi hiyo. Raba nzima husogea kidogo na kurudi. Iliyochanika huiacha propela ikipiga pembeni, na hutoa kishindo kikubwa gari linapoondoka na mzigo.

Geukia springi. Zile boliti zenye umbo la U zinazoifunga ekseli zikiwa zimelegea, au boliti ya katikati ikiwa imekatika, ekseli nzima husogea mbele na nyuma. Alama yake ni chuma kinachong'aa mahali ambapo palipaswa kuwa na vumbi na kutu. Kwa pikapu ya tani moja inayobebeshwa tani mbili, hapa ndipo pa kutazama mapema.

Mwisho ni raba za injini na giaboksi. Boneti ifunguliwe, breki ya mkono na ya mguu zishikwe barabara, na dereva aachie klachi kidogo kwenye gia ya kwanza hadi injini ianze kujivuta, kisha aikanyage tena. Afanye hivyo pia kwenye gia ya nyuma. Anayetazama asimame pembeni, kamwe asikae mbele wala nyuma ya gari. Injini ikinyanyuka upande mmoja na kuanguka kwa kishindo, raba ya upande huo imekatika.

OILI YA DIFU NAYO INAZUNGUMZA

Kabla ya kukubali kwamba difu imekufa, mwenye gari amwombe fundi amwage oili yake mbele yake. Boliti nyingi za kumwagia oili zina sumaku. Uji laini wa kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole, au jino zima, ni habari nyingine. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji. Oili pungufu mno inaonyesha kwamba sili ya piniani au ya ekseli inavuja, na tundu la kupumulia la difu likaguliwe kama limezibwa na matope.

Ipo hatari moja inayowagharimu wengi. Fundi asiye mzoefu akikuta bamba linacheza, hukaza nati ya piniani kwa nguvu zake zote. Katika difu nyingi nati hiyo inaminya bushi maalumu inayopanga mkazo wa beringi. Ikikazwa kupita kiasi, beringi hupata moto, na difu iliyohitaji sili tu inakuwa difu ya kutupwa. Kazi ya kupanga kraunwili na piniani ni ya fundi mwenye vipimo, kwa kuwa nafasi baina ya meno hayo hupimwa kwa sehemu ndogo za milimita.

UKARABATI ULIO SAHIHI

Kubadili krosi ni kazi ya saa chache, lakini ina masharti. Kwanza, kabla ya kufungua propela, alama zipigwe kwa rangi au tindo kwenye bamba na kwenye uma, ili kila kitu kirudi kilipokuwa. Uma za ncha mbili za kipande kimoja cha propela lazima zitazamane kama kiwanda kilivyopanga. Zikipishana, gari litatetemeka hata kama spea zote ni mpya.

Pili, propela ikishafunguliwa, gia haizuii tena gari. Lililoegeshwa kwenye mteremko kwa kutegemea gia litaondoka lenyewe. Katika baadhi ya magari, kama Land Rover za zamani, breki ya mkono nayo hufanya kazi kupitia propela, kwa hiyo nayo haitashika.

Tatu, vikombe visukumwe kwa jiliwa au mashine ya kukandamiza, si kwa kupigilia masikio ya uma kwa nyundo. Sindano moja ikianguka chini ya kikombe, kikombe hakifiki mwisho na klipu haikai. Fundi anayelazimisha hapo anatengeneza krosi ya wiki mbili. Baada ya kufunga, kiungo kigeuke kwa mkono pande zote bila kukwama.

Anayekwenda Kariakoo, Ilala au Kirinyaga Road kununua krosi abebe ile kuukuu. Vipimo vinavyotakiwa ni kipenyo cha kikombe na urefu kutoka kikombe hadi kikombe. Jina la gari pekee halitoshi, maana gari la jina moja huweza kuwa na krosi za ukubwa tofauti kulingana na mwaka na injini.

HESABU YA MFANYABIASHARA

Tuchukue mfano, na kila mtu aweke bei za mji wake. Pikapu inamwachia mwenye mali sh. 40,000 kwa siku baada ya mafuta na dereva. Krosi ni sh. 30,000, ufundi sh. 20,000, na gari linapoteza nusu siku, yaani sh. 20,000. Jumla ni sh. 70,000, ambazo hurudi kwa kazi isiyofika siku 2.

Difu iliyotumika tuseme ni sh. 900,000, ufundi sh. 100,000, na gari linalala siku 3, yaani sh. 120,000. Jumla ni sh. 1,120,000. Hiyo ni mara 16 ya gharama ya krosi, na ni kazi ya siku 28. Anayebadili difu wakati mgonjwa ni krosi atalipa zote mbili: sh. 1,190,000.

Lakini hesabu hiyo haimpi mtu ruhusa ya kuipuuza krosi. Krosi iliyolegea huipiga difu na giaboksi kila gari linapoondoka, na mwisho huvunjika. Propela ikikatika upande wa nyuma huchapa chini ya gari, na inaweza kukata mabomba ya breki. Ikikatika upande wa mbele gari likiwa kasi, ncha huweza kuchimba lami na kulirusha gari. Kwenye mteremko kama wa Kitonga, pikapu ikiwa imejaa vitunguu na watu wawili mbele, hasara haihesabiwi tena kwa shilingi.

ANAYENUNUA GARI LILILOTUMIKA

Kwa mwekezaji mdogo anayetaka pikapu ya biashara, kishindo si sababu ya kulikataa gari. Ni sababu ya kupunguza bei, alimradi ajue kinatoka wapi. Anashauriwa kulijaribu gari asubuhi likiwa baridi, kisha likiwa limepata moto, na ikiwezekana likiwa na mzigo, kwa sababu uzito hubadili pembe ya propela na kufichua kilichojificha.

Zipo mbinu za zamani za kuinyamazisha difu mbovu kwa siku chache, kama kuijaza oili nzito kupita kiasi au hata vumbi la mbao. Mnunuzi aombe boliti ya kujazia oili ifunguliwe, achovye kidole, aangalie na kunusa. Muuzaji anayekataa jambo dogo kama hilo amekwisha kujibu.

Anayelazimika kununua difu iliyotumika ahakikishe uwiano wake. Meno 41 kwa 10 ni uwiano wa 4.1, na difu ya uwiano mwingine itabadili nguvu na mwendo wa gari. Kwa gari la magurudumu manne yanayosukuma, difu ya mbele na ya nyuma lazima zilingane, la sivyo mfumo utajinyonga mara gia ya magurudumu manne itakapoingizwa. Toyota huweka alama ya ekseli kwenye kibao cha utambulisho wa gari, na namba hiyo iandikwe kabla ya kwenda dukani.

BOMBA LA GRISI

Kwa anayemiliki gari tayari, kinga iko mkononi mwa utingo wake. Propela yenye nipeli za grisi ipigwe grisi kila kilomita 5,000 kama gari linafanya kazi kwenye vumbi na matope, na mara baada ya kuvuka mto au barabara iliyofurika. Grisi ya zamani itoke kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kisichotoa grisi ndicho kitakachoanza kulia. Kile kipande kinachoteleza kisisahauliwe, kwani mara nyingi nipeli yake imefunikwa na matope na hakuna anayejua kwamba ipo.

Boliti za springi zikazwe upya baada ya safari chache za kwanza tangu zilipofunguliwa, na oili ya difu ibadilishwe kwa daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Dereva naye aonywe kuhusu kuachia klachi kwa kishindo gari likiwa na mzigo. Wenye magari kadhaa wanashauriwa kuwa na daftari moja kwa kila gari, lenye tarehe, kilomita, kilichofungwa na jina la duka. Gari likianza kugonga, ukurasa wa mwisho wa daftari hilo utamwambia fundi krosi ipi ni ya mwezi uliopita na ipi haijaguswa tangu gari linunuliwe.